Chapati za Maji Bila Ngano, Chini ya Mlima Meru

Chapati ya maji haihitaji ngano. Inahitaji wanga unaokunywa maji na kuganda ukipata moto, inahitaji kitu cha kuushikanisha wanga huo, na kikaango kilichopashwa vizuri. Ngano ilizoeleka jikoni kwa sababu huleta mambo mawili kwa mpigo: wanga wake huganda, na protini zake, gliadini na glutenini, zikilowana hufungamana kuwa utando unaovutika uitwao gluteni. Utando huo ndio unaoliwezesha donge la chapati ya kusukuma kutandazwa hadi likawa jembamba bila kuchanika, na ndio unaokamata gesi ya hamira ndani ya mkate. Katika rojo la kumimina kazi yake ni ndogo. Mpishi mzoefu wa chapati za maji hukoroga kidogo akaacha, kwa kuwa anajua rojo la ngano likipigwa sana gluteni hukaza na chapati hutoka ngumu. Kwa hiyo, kati ya vyote vinavyoandamana na chai ya asubuhi Arusha, yaani mkate, maandazi, skonzi na chapati za kusukuma, chapati ya maji ndiyo inayoachana na ngano kwa taabu ndogo kuliko vyote.

Wapo wanaoiacha ngano kwa kupenda ladha nyingine tu. Mwenye ugonjwa wa seliaki huiacha kwa sababu hana njia nyingine. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo vidogo mno vinavyofyonza lishe. Mtu huyu akila gluteni ya ngano, ya shayiri au ya rai, kinga ya mwili wake hugeuka na kuvishambulia vijinyweleo hivyo hadi vinalala. Chakula hupita bila kufyonzwa ipasavyo. Mtoto huharisha, tumbo hujaa na kimo hudumaa. Mtu mzima huweza kuishia na upungufu wa damu usiokoma hata akipewa vidonge vya madini ya chuma, au mifupa dhaifu, au uchovu usio na maelezo. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na vijinyweleo vikiachwa hivyo huota upya.

Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 100 duniani anao, na wengi hawajui. Wazo kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu halisimami. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, wa Sahara Magharibi, ulikuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 wanao, kiwango kikubwa kuliko vilivyokuwa vikijulikana Ulaya. Wahenga wa Wasahrawi waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Unga wa ngano ulikuja kuwa chakula chao kikuu baadaye.

Jinsi sababu ya ugonjwa ilivyojulikana inastahili kusimuliwa kwa kituo, maana katikati ya kisa hicho kuna tunda la Meru. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika maelezo ya kwanza ya kisasa ya ugonjwa huu kwa watoto, akasema kwa usahihi kabisa kwamba mgonjwa akipona atapona kwa chakula. Kisha akakataza mchele na kuruhusu mkate, mradi ukatwe mwembamba na ubanikwe pande zote mbili. Watoto waliofuata maagizo hayo walinyimwa chakula salama na kupewa kile kilichokuwa kikiwaumiza. Mwaka 1924, New York, daktari Sidney Haas alieleza habari za watoto 10: wanane aliwalisha ndizi mbivu kwa wingi bila mkate wala nafaka, wakapata nafuu; wawili ambao hawakupewa ndizi walifariki. Kwa miaka mingi baada ya hapo wazazi wa Marekani walitafuta ndizi wakiamini kuwa ndani yake mna dawa.

Ndizi hazikuwa na dawa. Zilishika nafasi ya mkate, basi. Aliyelitambua hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wenye seliaki walipata nafuu wakati wenzao wakikonda. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 aliuweka ushahidi wake katika tasnifu ya udaktari, Utrecht. Tangu hapo jambo limekuwa wazi: mwenye seliaki anaweza kula wali, ugali, ndizi, viazi, muhogo, mtama na ulezi bila hofu. Kwa maneno mengine, anaweza kula karibu kila kinachopikwa katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, kuanzia mtori hadi makande, na kinachomzuia ni kile kinachonunuliwa dukani kwa ajili ya chai.

Hapa pana onyo moja. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotokea wakati mwili unapopambana na gluteni, na kipande cha utumbo kinachochukuliwa kwa mpira wenye kamera huonyesha vijinyweleo vilivyolala. Aliyekwisha kuacha ngano kwa miezi anaweza kupimwa akaonekana mzima, kisha akarudi kwenye maandazi na kuumia upya. Kwanza hospitali, halafu kikaango.

Unga wa kupikia si wa kutafuta mbali. Mchele unaosifiwa Arusha ni wa Magugu, mkoani Manyara, na mwingine hutoka Mto wa Mbu chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa chapati hakuna haja ya mchele wa daraja la kwanza. Chenga, ambazo ni punje zilizovunjika kwenye kukoboa, ni za bei nafuu na zinasagika upesi. Unga wa mchele hutoa chapati nyeupe, laini ndani na kavu kidogo ukingoni, lakini ukiwa peke yake hukatika. Ulezi una rangi ya udongo mwekundu na ladha nzito inayopendana na ndizi. Una kalisi nyingi kuliko nafaka zote za kawaida, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, jambo la maana kwa mtu ambaye mifupa yake imekaa miaka bila kupata haki yake. Mtama mweupe hufaa, mwekundu huacha uchungu kidogo ulimini. Sembe ndiyo inayopatikana kila duka na ndiyo inayokatisha tamaa mapema, kwa kuwa chembe zake hubaki na mkwaruzo. Ikichomwa kwanza kwa maji yanayochemka na kuachwa ipoe, hulainika. Mahindi pia yahakikishwe kuwa makavu na yasiyo na ukungu. Sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi.

Unga wa muhogo unahitaji kutajwa peke yake. Wanga wake hunata na kuvutika kuliko wa nafaka yoyote, hivyo ndio unaokaribia zaidi kufanya kazi iliyoachwa na gluteni. Robo ya unga wote ikiwa ya muhogo, chapati hugeuzika bila kuvunjika. Ikizidi nusu, huwa ya kunata mdomoni. Ununuliwe kwa mtu anayejulikana kuwa ameandaa makopa yake vizuri, kwa maana muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sianidi.

Nafaka hizi zote hazina gluteni zikiwa shambani. Hatari huanza njiani, na hapo ndipo mahali ambapo nyumba nyingi hushindwa, hata zenye bidii. Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya FAO na WHO, iliweka mwaka 2008 kwamba chakula kitaitwa kisicho na gluteni iwapo kiasi chake hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika. Punje moja ya ngano ina uzito wa kama miligramu 40, na chini kidogo ya sehemu ya kumi yake ni gluteni. Punje tano au sita za ngano zikianguka ndani ya kilo ya mchele, yenye punje zaidi ya 40,000, tayari mpaka umefikiwa.

Na Arusha ni mji wa ngano. Inalimwa Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi, na shayiri ya viwanda vya bia hulimwa katika ukanda huohuo. Kusini zaidi, huko Basotu wilayani Hanang, serikali ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, katika ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Kituo cha utafiti cha Selian, kando ya jiji, kimeshughulika na mbegu za ngano kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini bado huagizwa kutoka nje. Unga wake umo katika kila duka la mtaani, Sanawari, Kijenge, Ngaramtoni, mara nyingi ndani ya gunia lililo wazi ubavuni mwa gunia la unga wa mchele, na kopo la kuchotea ni lilelile.

Mashine ya kusaga ndiyo kituo cha pili. Asubuhi husaga mahindi. Baadaye huja mteja mwenye mchanganyiko wa unga wa lishe, ambao katika nyumba nyingi huwa na mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano kwa pamoja. Ulezi safi ukifuata nyuma ya mchanganyiko huo hubeba mabaki yake. Zipo njia mbili za kukabili jambo hili. Mtu aweza kuwahi mashine inapofunguliwa baada ya kusafishwa, amwombe msagaji apitishe kwanza kilo moja au mbili za mahindi yake mwenyewe, na unga huo wa kwanza uende kwa kuku. Au aachane na mashine kabisa: mchele uliolowekwa usiku kucha husagika katika blenda ya nyumbani, na kabla ya blenda ulitwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Njia ya pili ni bora. Haimtegemei mtu mwingine kukumbuka. Unga wa lishe wa dukani nao usomwe maandishi yake, kwa sababu mzazi anayemkinga mtoto na maandazi huku akimpa uji wenye ngano kila asubuhi hajamkinga.

Basi chapati yenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote Meru ni ya ndizi na ulezi. Ndizi za mgomba wa mshare ni za kupika na za mzuzu ni za kukaanga. Zinazotakiwa hapa ni kisukari, zilizoiva hadi ganda likaanza kuwa na madoa meusi, zile ambazo wauzaji wa Tengeru hupunguza bei jioni ya Jumamosi kwa kuwa hazitafika wiki ijayo. Nne ndogo, au mbili kubwa za kimalindi, hupondwa kwa uma hadi zikawa uji. Hufuata mayai mawili, robo tatu ya kikombe ya maziwa, nusu kikombe cha unga wa ulezi, robo kikombe cha unga wa mchele na robo kikombe cha unga wa muhogo, chumvi kidogo, na robo tatu ya kijiko cha chai ya bekingi pauda. Sukari haina kazi. Yai na ute wa ndizi ndivyo vinavyoshikanisha, na kwa asiyekula mayai, vijiko viwili vya chakula vya mbegu za chia zilizolowekwa hadi zikatoa ute hufanya kazi hiyo kwa kiasi.

Kipimo hicho cha bekingi pauda ni kidogo makusudi. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, ambapo shinikizo la hewa ni pungufu kuliko pwani na maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95. Gesi hutanuka upesi kabla wanga haujaganda, na chapati iliyotiwa kipimo cha kitabu cha pwani huvimba halafu ikabonyea katikati. Wanaoishi juu zaidi, Ilboru au Nkoaranga, hupunguza tena kidogo. Maandishi ya kopo nayo yasomwe: bekingi pauda nyingi hutumia wanga wa mahindi, lakini zipo zinazotumia wa ngano. Magadi yasishike nafasi yake. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru tayari yana floraidi ya kupita kiasi itokanayo na miamba ya volkano, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na magadi huongeza nyingine juu yake.

Rojo huachwa kwa dakika 20. Katika ngano mapumziko hayo hulegeza gluteni. Hapa ni ya kuupa ulezi muda wa kunywa maji, na anayeyaruka hula chapati yenye mchanga. Kikaango, flampeni kwa lugha ya mtaani, huwekwa kwenye moto wa wastani, hupakwa mafuta kidogo, na nusu upawa wa rojo humiminwa bila kutandazwa sana. Chapati ndogo zenye upana wa kiganja hugeuzika; kubwa ya kujaza kikaango itavunjika. Ifunikwe. Mvuke ulionaswa chini ya mfuniko hugandisha upande wa juu kabla mwiko haujaingia, na hiyo ndiyo siri kubwa ya chapati isiyo na ngano. Vitundu vikitokea juu na ukingo ukakauka, igeuzwe mara moja, iachwe dakika moja zaidi, itolewe.

Ya pili ni kibibi cha Zanzibar na Mombasa, ambacho hakikuwahi kuwa na ngano tangu mwanzo. Vikombe viwili vya mchele uliolala ndani ya maji husagwa na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, iliki, vijiko vinne vya sukari na kijiko cha chai cha hamira, hadi rojo likiguswa kwa vidole lisiwe na chenga. Huachwa liumuke, kisha humiminwa na kufunikwa kama ile ya kwanza. Pwani saa moja hutosha. Arusha ya mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Meru haujaondoka hadi saa nne asubuhi, hamira hulala; bakuli hukaa karibu na jiko lenye makaa yanayofifia, saa mbili au tatu. Nazi hupanda kwa lori kutoka Tanga na bei yake huonyesha safari hiyo, kwa hiyo wengi hubadilisha na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani wakaongeza kijiko cha samli. Ni mbadala mzuri, isipokuwa kwa aliyegunduliwa hivi karibuni. Kimeng'enya kinachomeng'enya sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vijinyweleo vilevile vilivyolala, hivyo miezi ya kwanza maziwa huweza kumsumbua tumbo hata ngano ikiwa imeondoka. Kwake yeye nazi inastahili gharama.

Uganda wanayo kabalagala: ndizi mbivu zilizopondwa, zikakandwa na unga wa muhogo mpaka donge likawa gumu, likasukumwa, likakatwa miviringo na kukaangwa katika mafuta mengi. Ni ya haraka na hushibisha. Ila mafuta yaliyokwisha kukaanga maandazi yasitumike.

Vyombo ndivyo vinavyosahaulika. Mwiko wa mti wenye nyufa na kibao cha kusukumia chapati hushika unga ambao sabuni haiutoi, na chujio la chai lililotumika kuchekecha unga ni vigumu kulisafisha kabisa. Vya chuma husafishika. Familia yenye uwezo wa kununua kikaango kimoja kipya na mwiko mmoja inunue. Isiyo na uwezo ipike chapati za mgonjwa kwanza, katika chombo kilichooshwa, ndipo iguse ngano. Unga wa ngano ukimwagwa hupeperuka na kukaa hewani, unatua juu ya kila kilicho wazi.

Lakini njia iliyo nzuri kuliko zote hizi ni nyumba nzima kula chapati moja. Kutenga sahani ya mgonjwa kuna gharama ambayo haionekani kwenye matumizi ya mwezi. Mtoto anayeona wenzake wakigawana maandazi huku yeye akikabidhiwa chake kilichofunikwa hujifunza mapema kuona aibu ya chakula chake, na mtoto mwenye aibu ndiye anayemega kipande cha rafiki shuleni bila kusema. Mgeni naye akikaribishwa na sinia moja hana la kuuliza. Shangazi anayesisitiza kwamba kidogo tu hakiui, kwa upendo kabisa, hukosa cha kusisitizia pale ambapo mezani hakuna ngano. Na kwa kuwa ndizi ziko uani na ulezi uko sokoni, nyumba haijinyimi kitu.

Kinachobaki ni kutunza. Wanga wa mchele ukipoa hukaza, na friji huharakisha kukaza huko, kwa hiyo vibibi huliwa siku ileile, na vikilala hupashwa katika kikaango kilichofunikwa na kunyunyiziwa maji kidogo. Rojo la ndizi likiwa bado halijatiwa bekingi pauda hukaa friji usiku mmoja, ingawa juu litageuka jeusi; likorogwe tu. Chapati za ndizi zilizokwisha kupikwa hubaki laini hadi mchana kwa sababu sukari na nyuzi za ndizi hushikilia maji, hivyo hizo ndizo za kuwekwa katika kontena la shule, na vibibi viliwe nyumbani.